Je, Deni Linakufa Pamoja na Mtu?
Tafakari juu ya Moïse Tshombe, mfanyabiashara aliyegeuka mtawala, na juu ya desturi yetu ya kumaliza kilio



Siku ya kumaliza kilio, kwetu Kalemie, kuna saa moja ambayo watoto hawaipendi na wazee hawaikosi. Watu wamekula, chai imezunguka, nyimbo zimetulia. Ndipo mzee wa familia anasimama katikati ya uwanja na kuuliza: "Marehemu alikuwa na deni la nani? Na nani alikuwa na deni lake? Aseme sasa mbele ya watu." Kisha kunakuwa kimya kidogo, na watu wanaangaliana.

Miaka iliyopita tulihudhuria kilio kimoja karibu na bandari. Marehemu alikuwa mfanyabiashara wa ndagala, mtu mwenye jina. Mtoto wake wa kwanza alishika kaye ya baba yake, akaisoma ukurasa kwa ukurasa: fulani anadai hiki, fulani anadaiwa kile. Wengine walilipwa palepale, wengine wakasamehe. Mwishoni mama mmoja mzee akasimama, akasema: "Mimi sidai franka. Mimi nadai neno." Zamani marehemu alimtangaza sokoni kwamba ameiba mufuko wa ndagala. Mufuko ulionekana baadaye, lakini lile neno halikurudishwa hata siku moja. Watu wakaanza kunung'unika: "Mama, acha, mufu hasemwake mubaya." Lakini yule kijana alifunga kaye, akamwangalia, akasema: "Mama, ule mufuko ulionekana. Haukuiba." Yule mama akakaa chini, akaomba chai.

Jambo hili dogo ndilo lililotupatia swali la makala hii. Je, mtu akifa, deni lake linakufa naye? Na kama halikufa, nani analibeba?

1. Swali la mwanafunzi

Sisi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari. Siku moja, tukifundisha mambo ya mwaka 1960, mwanafunzi aliinua mkono: "Mwalimu, Tshombe alikuwa mutu muzuri ao mubaya?" Nusu ya darasa walicheka, nusu wakanyamaza. Katika darasa lile walikaa watoto wa Waluba, wa Watabwa, wa Waholoholo, wa Wabembe, na kijana mmoja Mlunda ambaye baba yake alihamishwa kikazi kutoka Kolwezi. Kila mmoja alikuwa amesikia nyumbani kwake jibu tofauti. Nasi tulifanya nini? Tulisema: "Tuendelee na somo." Hatusifu jambo hilo. Mwalimu anayekimbia swali anafundisha kukimbia. Makala hii ni jibu lililochelewa.

2. Mtu wa magazini

Moïse Tshombe alizaliwa tarehe 10 mwezi wa 11 mwaka 1919 huko Musumba, makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda. Baba yake, Joseph Kapend Tshombe, alikuwa mmoja kati ya Wakongo wachache waliopata utajiri mkubwa wakati wa ukoloni. Alikuwa na magazini yake, na Wazungu wenyewe walimhesabu. Wakati ule Mwafrika mwenye biashara ya namna hiyo hakuwa jambo la kila siku. Mtoto alisoma kwa wamisionari wa Methodisti, akajifunza kazi ya hesabu, akaoa binti wa Mwant Yav. Baba alipokufa mwaka 1951, Moïse alirithi biashara.

Biashara haikumwendea vizuri. Ilianguka zaidi ya mara moja, na watu waliomjua walisema kwamba mkono wake ulikuwa mwepesi kwa wageni na mwepesi zaidi kwa matumizi. Lakini alikuwa na kipaji kingine: kuongea na watu. Alikuwa tayari amekaa katika baraza la jimbo la Katanga, na chama cha Conakat kilipoanzishwa mwaka 1958 haukupita muda mrefu kabla yeye hajawa rais wake. Ndivyo mtu wa magazini alivyokuwa mtu wa siasa.

Tusifikiri kwamba yeye alikuwa wa kwanza. Historia ya nchi yetu imejaa wafanyabiashara walioketi kwenye kiti cha mtawala. Msiri alitoka upande wa Tabora akifuata shaba, akawa mfalme kule Bunkeya mpaka Wazungu walipomwua mwezi wa 12 mwaka 1891. Tippu Tip alitoka Zanzibar akifuata pembe za ndovu, akatawala sehemu kubwa ya Maniema, na mwaka 1887 akakubali kuwa gavana wa Stanley Falls kwa mshahara wa mfalme Léopold. Mjukuu wa yule Msiri, Godefroid Munongo, ndiye aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani wa Tshombe. Njia kutoka sokoni kwenda ikulu ni ya zamani, na watu wetu wameilipia mara nyingi.

3. Yaliyotupata sisi wa kaskazini

Katika uchaguzi wa mwezi wa 5 mwaka 1960, Conakat ilipata viti 25 kati ya 60 katika bunge la jimbo. Balubakat ya Jason Sendwe na wenzake walifuata kwa karibu sana. Kwa hiyo nusu ya Katanga, na zaidi sana sisi wa kaskazini, hatukumchagua Tshombe. Lakini sheria ilibadilishwa kule Brussels mwezi wa 6, ili serikali ya jimbo iweze kuundwa bila Balubakat. Tarehe 11 mwezi wa 7, siku 11 tu baada ya uhuru, Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo.

Nchi mpya ilipata bendera yenye misalaba mitatu ya shaba. Ikapata pia pesa yake, na kwenye noti za kwanza ikawekwa sura ya Tshombe mwenyewe. Ule msalaba wa shaba ulikuwa pesa ya mababu zetu. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, wachimbaji walikuta makaburi ya zamani ambamo wafu wamelazwa pamoja na misalaba midogo ya shaba. Alama ilikuwa ya Katanga nzima, kaskazini na kusini. Sura kwenye noti ilikuwa ya mtu mmoja.

Kaskazini ilikataa. Majandarma wa Katanga wakaja, pamoja na maofisa Wabelgiji na baadaye mamluki, vijiji vikachomwa, watu wakakimbilia porini. Vijana wa Balubakat nao walishika mishale na minyororo ya baiskeli, na waliua watu kwa kuwashuku tu kwamba ni wa Conakat. Tarehe 8 mwezi wa 11 mwaka 1960, kule Niemba, kwenye njia ya reli kati ya Kalemie na Kabalo, askari 9 wa Ayalandi waliotumwa na ONU waliuawa. Inasemwa kwamba waliowashambulia waliwadhania kuwa ni watu wa Tshombe. Mwaka 1961 majandarma waliingia Manono. Mwaka uleule, kule Elisabethville, maelfu na maelfu ya Waluba walijaa katika kambi ya wakimbizi wakitafuta ulinzi wa ONU. Na tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka huo, Patrice Lumumba na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito, waliuawa katika ardhi ya Katanga, chini ya utawala wa Tshombe.

Mzee mmoja wa mji wetu alitusimulia hivi: "Ile wakati nilikuwa mutoto. Tulikimbia usiku, mama alibeba mudogo wangu ku mugongo. Asubuhi tulipopumuzika, alikuwa amekufa kwa baridi. Tulimuzika pale pale njiani. Mpaka leo sijue ni wapi." Tulimwuliza ni nani aliyewakimbiza. Akatikisa kichwa: "Bunduki haina kabila, Mwalimu. Na wewe usiandike kabila." Tumeandika alivyosema.

Katanga ya Tshombe ilikwisha mwezi wa 1 mwaka 1963. Yeye akaenda uhamishoni. Lakini mwezi wa 7 mwaka 1964 walewale waliompiga vita walimwita arudi, akawa Waziri wa Kwanza wa Kongo nzima. Mwezi mmoja kabla ya hapo, hapa kwetu, mji ulipokuwa ukiitwa Albertville, waasi walikuwa wameuteka mji na Jason Sendwe aliuawa. Serikali ya Tshombe iliurudisha mji mwishoni mwa mwezi wa 8 kwa nguvu za jeshi na mamluki. Mwezi wa 10 mwaka 1965 Kasavubu alimwondoa. Mobutu alipochukua nchi, Tshombe akakimbia tena. Mwaka 1967 alihukumiwa kufa bila yeye kuwepo mahakamani, na tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka huo ndege aliyopanda ilitekwa angani na kupelekwa Algiers. Alikaa kizuizini miaka miwili, akafa huko mwezi wa 6 mwaka 1969. Alizikwa Ubelgiji. Hapa kwetu hakuna aliyemaliza kilio chake.

4. Akili ya sokoni na mpaka wake

Tusidharau biashara. Mfanyabiashara mzuri ana maadili yake. Anashika hesabu. Anamsikiliza hata adui, kwa maana kesho anaweza kuwa mteja. Hapigani kama anaweza kupatana. Tshombe alikuwa na sehemu ya akili hiyo, na ndiyo maana aliweza kurudi mwaka 1964 na kuketi meza moja na watu waliomwita msaliti.

Hata hoja yake ya kwanza haikuwa ya kijinga. Alisema: Katanga inatoa shaba, inajaza sanduku la nchi, na yenyewe inarudishiwa kidogo. Mtu anayelima shamba kubwa kuliko wenzake, halafu anapewa sahani ndogo kuliko wote, ana haki ya kuuliza. Swali hilo ni la haki, na tunaliuliza mpaka leo.

Basi kosa liko wapi? Sisi tunaona kwamba liko hapa. Sokoni kila kitu kina mbadala. Ukipoteza mufuko wa chumvi wa jirani, unamrudishia mufuko wa chumvi, mambo yamekwisha. Ukipata hasara upande huu, unaifidia kwa faida ya upande ule. Ndivyo biashara inavyoishi. Lakini mtu hana mbadala. Mwaka 1960 kodi za Union Minière ziliingia katika sanduku la Katanga, na magazeti ya Wazungu yakampa Tshombe jina la Bwana Sanduku la Pesa. Upande mmoja wa kaye ulijaa. Na watu wa kaskazini waliokataa? Wao waliandikwa upande wa hasara, hasara ambayo faida ya shaba ingeweza kuifunika. Yule mtoto aliyezikwa njiani hakuna shaba inayomfunika.

Hilo si kosa la Walunda, wala si kosa la wafanyabiashara peke yao. Ni kosa la kila mtawala anayefikiri kwamba jumla ikiwa nzuri, haina haja ya kuangalia mstari kwa mstari.

5. Majibu mawili rahisi

Tukirudi kwenye swali la mwanafunzi, watu wengi wana majibu mawili.

La kwanza ni kunyamaza: mufu hasemwake mubaya. Jibu hili lina hekima yake. Marehemu hawezi kujitetea, na Tshombe hata akiwa hai hakupewa nafasi ya kujibu mbele ya mahakama ya haki. Lakini tuangalie desturi yenyewe. Wazee wetu walikataza matusi juu ya mfu, hawakukataza hesabu. Tena ni kilio chenyewe kinachouliza madeni. Yule aliyesema "acha, Mama" siku ile ya kilio cha bandarini alidhani anailinda mila, kumbe alikuwa anaizuia kufanya kazi yake.

La pili ni kisasi: watoto wao walipe. Jibu hili tumeshaliona likitembea kwa miguu. Mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala kwenye vituo vya gari-moshi na watoto wao, wengi wakafa wakingoja behewa. Sisi wa kaskazini hatuwezi kusema kwamba hapakuwa na watu wetu kati ya waliofukuza. Waliokuwa wakimbizi mwaka 1961 walizaa watu waliotengeneza wakimbizi wengine. Kisasi hakikumlipa yule mtoto wa njiani hata senti moja. Kiliongeza watoto wengine wa njiani.

6. Kosa na deni

Desturi yetu inajua tofauti ambayo majibu hayo mawili yanaisahau. Kosa ni la mwenyewe, linakwenda naye kaburini na Mungu ndiye anayelijua. Deni linabaki nyumbani. Yule kijana wa bandarini hakumtukana mama wa watu, alikuwa bado mtoto wakati ule. Hakuna aliyemwambia kwamba yeye ni mwongo. Lakini alikuwa anakaa katika nyumba ya baba yake na kula katika sahani ya baba yake, na kaye ilikuwa mkononi mwake. Kwa hiyo neno lilikuwa lake kulirudisha.

Mtu atauliza: deni la damu litalipwa na nini, na kwa nani, wakati wenyewe hawapo? Ni kweli, halilipiki lote. Lakini malipo ya kwanza ni kulitaja. Serikali ya Ubelgiji ilisema miaka mingi kwamba mambo ya Lumumba hayaihusu. Mwaka 2002 ikaomba msamaha. Mwezi wa 6 mwaka 2022, miaka 61 baada ya kifo, ikarudisha kwa familia jino lake, kitu pekee kilichobaki. Jino si mtu. Lakini tuliona jinsi watu walivyojipanga barabarani kulipokea, na tulielewa kwamba deni lililotajwa ni tofauti na deni lililofichwa.

Tena kaye ina pande mbili. Tukidai, tuwe tayari kudaiwa. Tuwataje wale askari 9 wa Niemba, ambao walitoka mbali na hawakuwa adui zetu. Tuwataje waliouawa na vijana wetu kwa shuku tu. Tumtaje Sendwe, kiongozi wetu sisi wenyewe, aliyeuawa katika mji wetu sisi wenyewe. Na tumpe hata Tshombe kilicho chake: swali lake la haki juu ya mali ya jimbo, utayari wake wa kupatana, na hukumu aliyopewa bila kusikilizwa.

7. Zamu yetu

Kwa nini tunasumbuka na mambo ya zamani? Kwa sababu zamu imetufikia. Tangu mwaka 2015 Tanganyika ni jimbo linalojitegemea. Kule Manono, penye bati ya zamani, sasa kila mtu anaongea lithiamu. Na kwenye vikao vyetu tunasikia maneno yaleyale ya mwaka 1960: "Mali ya kwetu ibakie kwetu." Sisi wenyewe tumeyasema. Ni maneno ya haki. Lakini yaliposemwa mara ya kwanza, sisi ndio tulioandikwa upande wa hasara. Leo ni nani tutamwandika huko? Miaka ya 2016 na 2017 Waluba na Watwa waliuana katika jimbo hili, na kandokando ya mji wetu zikajaa kambi za wakimbizi. Mtwa akiuliza lithiamu itampa nini, tutamjibu kwa kaye gani?

Mwaka huu swali la Tshombe lilirudi darasani, na safari hii hatukukimbia. Tulichora ubaoni kurasa mbili za kaye, tukawaambia wanafunzi wajaze: alichodaiwa, alichodai. Kazi ilichukua saa mbili na haikuisha. Mwishoni kijana mmoja wa Kilunda aliuliza kwa sauti ndogo: "Mwalimu, na mimi nilipe nini?" Darasa likanyamaza. Tulimwambia: "Wewe hauna kosa. Lakini kaye iko mikononi mwako kama iko mikononi mwetu sote. Usiruke mstari." Aliinama akaendelea kuandika, na jirani yake, mtoto wa Manono, alimwazima kalamu.

Tunamaliza kwa ombi kwa wazee wetu. Waliokuwa na miaka 10 mwaka 1960 leo wamepita miaka 70. Kila mwezi tunazika mmoja, na kila mmoja anakwenda na majina ambayo hayako katika kitabu chochote. Bazee betu, tuambieni majina hayo, ya waliouawa na ya waliookoa, ya upande wetu na ya upande ule. Sisi walimu tutaandika. Na siku ya kumaliza kilio, mtu akisimama na kusema kwamba hadai franka bali anadai neno, msimwambie akae.